Si Kila Wasiwasi ni wa Shetani

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zangu katika imani, anayesoma Sharia chuoni huchukuliwa kuwa nusu shekhe, hata kama bado anahangaika na Usul al-Fiqh kama ninavyohangaika mimi. Kwa hiyo huletewa maswali. Swali ninaloletewa zaidi hosteli, kuliko la hedhi na kuliko la kukusanya sala safarini, ni hili: "Dada, nina wasiwasi haunitoki. Nisome nini?" Wengi wanataka dua fupi warudi vyumbani kwao, nami huwapa. Lakini siku hizi kabla ya dua huuliza maswali mawili matatu, na wapo ambao baada ya majibu yao huwaambia wakamwone pia mganga wa hospitali. Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini mtu wa Sharia awatume watu hospitali kwa jambo la moyo. Nitajibu hapa.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Neno wasiwasi tumelipata kutoka Kiarabu, waswas, na kule ni ule mnong'ono unaotiwa vifuani, ambao sura ya mwisho ya Qur'ani inatufundisha tujikinge nao kwa Mola wetu. Sisi Waswahili tumelipanua. Mama aliyeko Mombasa akisema ana wasiwasi kwa kuwa mwanawe hajapiga simu tangu jana, hamzungumzii Shetani. Ana hofu tu, na Mwarabu hapo angetumia neno jingine kabisa, qalaq au hamm. Matokeo yake ni kwamba Muislamu akisema kwa Kiswahili "nina wasiwasi", masikio yetu ya dini husikia "Shetani ananichezea", na jibu hutoka lenyewe: zidisha adhkari, imarisha imani yako. Wenzetu Waganda hawana mtego huu. Wao husema ebirowoozo bingi, mawazo mengi, na hakuna anayemhusisha Ibilisi. Nchini Zimbabwe Washona wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na daktari Dixon Chibanda na wenzake walilichukua neno hilo hilo la watu walipoanzisha mwaka 2006 mabenchi ambako mabibi waliopewa mafunzo huketi na wagonjwa na kuzungumza nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kuwa mazungumzo hayo yanasaidia kweli.

Waswas kwa maana ya Kiarabu upo, na dawa yake imefundishwa. Uthman bin Abi al-As alipomlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba Shetani anamvuruga katika sala, alielekezwa ajikinge kwa Allah na ateme mate kidogo kushotoni mara tatu, na akasema lilimwondokea. Hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim. Ninachosema ni kwamba jambo tunalolizungumzia hapa lina mlango mwingine katika dini yetu, na mlango huo ni hamm.

Anas bin Malik amepokea, na hadithi yake imo kwa Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akikithirisha kujikinga kwa Allah na hamm na hazan, kisha na unyonge na uvivu, ubakhili na woga, uzito wa deni na kuelemewa na watu. Maulamaa wanaeleza kuwa hamm ni dhiki ya moyo kwa lijalo, na hazan ni kwa lililopita. Tazama majirani wa hamm katika dua hiyo. Deni limo! Aliyekaa usiku akihesabu ada ambayo haijalipwa wiki moja kabla ya mtihani anajua kwa nini viwili hivyo vimetajwa pamoja. Na katika hadithi nyingine, waliyoipokea Bukhari na Muslim, hamm imewekwa safu moja na uchovu, maradhi, udhia na hata mwiba unaomchoma Muislamu, kwamba kwa vyote hivyo Allah humfutia makosa yake. Sasa kitu kilichotajwa kuwa kinafuta makosa, sijui ni kwa dalili gani tumekigeuza hapa chuoni kuwa ndicho kosa lenyewe. Aliyechomwa na mwiba haambiwi akaongeze imani kwanza. Huutoa, na akishindwa humwita mwenzake amtolee.

Lakini hoja ninayoiona nzito zaidi imo katika Surat al-Qasas, katika kisa cha mama yake Musa. Mama yule alikuwa ameahidiwa na Allah mwenyewe kwamba mwanawe atarejeshwa kwake. Hakuna mmoja wetu aliye na ahadi ya namna hiyo kuhusu matokeo ya muhula huu. Hata hivyo Qur'ani inatuambia moyo wake ulikuwa mtupu, na alikaribia kuidhihirisha siri yake lau si Allah kuutia nguvu moyo wake. Hakulaumiwa. Na alifanya nini? Alimtuma binti yake akafuatilie sanduku pembezoni mwa mto. Hofu ilikuwa kwake, ahadi ilikuwa kwake, na bado alituma mtu. Tawakkul yake ilikuwa katika miguu ya yule binti.

Kuutambua

Hofu ya kawaida haihitaji tabibu. Mtihani uko kesho kutwa na hujamaliza kusoma, moyo unakwenda mbio. Hiyo ni neema, inakuamsha. Mtihani ukiisha, nayo inaisha. Ugonjwa ninaousema, ambao madaktari huuita ugonjwa wa wasiwasi wa jumla, ni ule usioisha sababu yake inapoisha.

Mwenzangu mmoja ameniruhusu niandike habari yake bila jina wala kozi yake. Muhula uliopita alikuwa akihofia kufeli. Matokeo yakatoka, amefaulu masomo yote. Tulimpongeza mchana, na magharibi ilipoingia alikuwa ameshahamia kwenye presha ya mama yake. Kisha kaka yake anayeendesha boda. Kisha kama mlango wa chumba umefungwa. Wasiwasi wake ulikuwa kama mgeni asiye na nauli ya kurudi kwao. Alipiga simu nyumbani mara nne kwa siku, na isipopokelewa alimpigia jirani. Shingo na mabega vilimkaza kama mtu aliyebeba ndoo. Alipima malaria mara tatu muhula mmoja, na mara zote hakuwa nayo. Kitabu alikisoma ukurasa mmoja mara tano. Usiku saa nane macho makavu, asubuhi amechoka kama aliyelima. Kuna aliyemwambia kuwa hajui kutawakali, basi akaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi kwa nia ya kujitibu, na alichokipata ni kukonda.

Hayo yote yanalingana na vigezo vilivyomo katika mwongozo wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani. Wasiwasi uliozidi kiasi, juu ya mambo kadhaa, siku nyingi kuliko zisizokuwa nao, kwa miezi 6 au zaidi, na mtu anashindwa kuuzuia. Pamoja nao ziwepo angalau dalili 3 kati ya 6: kutotulia, kuchoka upesi, akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, kukasirika ovyo, misuli kukaza, na usingizi kuharibika. Tena hali hiyo iwe imemharibia mtu masomo, kazi au maisha na watu, na isiwe imetokana na kitu kingine. Hilo la mwisho si dogo. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Upungufu wa damu nao huleta uchovu na mapigo ya moyo. Na vinywaji vya kuongeza nguvu, kahawa nyingi na mairungi huleta hali ambayo huwezi kuitofautisha na ugonjwa huu mpaka uviache. Ndiyo maana nasema mtu aonwe na mtaalamu, asijipe jina la ugonjwa mwenyewe kitandani akiwa na simu mkononi.

Kuna dodoso fupi la maswali 7, liitwalo GAD-7, lililochapishwa mwaka 2006 na Robert Spitzer na wenzake, ambalo vituo vingi vya afya hulitumia. Huuliza hali yako kwa wiki 2 zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla kuu 21. Ukipata 5 wasiwasi ni mdogo, 10 ni wa kati, 15 ni mkali, na kuanzia 10 inafaa uchunguzwe zaidi. Lichukulieni kama kipimajoto: kinasema kuna homa, hakisemi homa ya nini.

Wanawake hupatwa na ugonjwa huu takribani mara mbili ya wanaume. Kaka zetu wasifurahie haraka. Wengi wao huuita vidonda vya tumbo.

Kuutibu

Tiba zilizothibitishwa zaidi ni mbili, mazungumzo na dawa, na mtu anaweza kupewa moja au zote mbili.

Tiba ya mazungumzo inayotumika sana hushughulika na fikra na vitendo. Mtaalamu hakupi mawaidha. Anakufundisha kuikamata fikra, kuiandika, kuipima, kisha kubadili unachokifanya baada yake. Mwongozo wa Uingereza unataja vikao 12 hadi 15, kimoja kila wiki. Zipo sehemu zake ambazo mtu anaweza kuanza nazo. Mojawapo ni kutenga muda wa mawazo, tuseme dakika 20 baada ya Alasiri. Wazo likija saa nne asubuhi ukiwa darasani, liandike neno moja, uliambie "baada ya Alasiri", urudi kwa mwalimu. Muda ukifika, lisome na ujiulize: hili lina jambo ninaloweza kulifanya leo? Kama lipo, lifanye, hata liwe dogo: nenda ofisi ya mhasibu uombe kulipa ada kwa awamu. Kama halipo, kwa mfano "itakuwaje mama akifa nikiwa huku", hilo ndilo la kukabidhiwa kwa Allah, na hapo tawakkul inapata mahali pake hasa. Wengi wanaoanza zoezi hili hushangaa: Alasiri inafika na nusu ya mawazo ya asubuhi hayana tena nguvu.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kupunguza kutafuta uhakika. Zile simu nne za mwenzangu zilimtuliza kwa nusu saa, kisha kiu ikarudi kubwa zaidi. Alipunguza taratibu mpaka ikawa moja, jioni. Na hapa niseme jambo ambalo sisi wa Sharia ndio tunaoliona. Kutafuta uhakika huvaa pia kanzu. Mtu anaswali istikhara mara saba juu ya kununua viatu. Mwingine anauliza suala moja kwa masheikh watano, si kwa kutaka elimu, anataka moyo umtulie, na jibu la tano linamchanganya zaidi ya la kwanza. Anayekujia kwa mara ya nne na swali lile lile hahitaji fatwa ya nne. Umpende, ukae naye, lakini usimrudie jibu.

Mkidhani mambo haya yametoka Ulaya juzi, yupo Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia. Kitabu chake Masalih al-Abdan wal-Anfus kina sehemu mbili, ya miili na ya nafsi, na katika ya nafsi ameweka milango ya ghadhabu, khofu, huzuni na waswas, kila mmoja peke yake. Alishauri mtu ajiwekee akiba ya fikra nzuri akiwa ametulia, aje kuzitumia dhiki ikimjia, kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya maradhi ya ghafla. Akaufananisha woga na ukungu: asiyewahi kuuona hudhani ni kitu kizito kisichopitika, akiingia ndani anakuta ni hewa yenye unyevu tu. Sisi tunaoamka hapa Mbale na kuutazama mlima wa Wanale asubuhi za mvua tunamwelewa vizuri. Huzuni aliigawa mafungu mawili, yenye sababu inayojulikana na isiyo na sababu, na hii ya pili akaihusisha na mwili, akaitafutia tiba ya mwili. Profesa Malik Badri wa Sudan, Allah amrehemu, alifariki mwaka 2021, naye ndiye aliyetufungulia sehemu hiyo ya nafsi kwa tafsiri yake ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 2013. Nilipokisoma nilijiuliza tulikuwa wapi miaka yote hii.

Tukija kwenye dawa, ndiko kwenye hofu kubwa. Zinazotangulizwa ni kundi la setralini na esitalopramu. Hazilevi, kwa hiyo suala la khamri halimo. Haziondoi akili ya mtu wala haja yake ya kumwomba Mola wake. Mambo ambayo mgonjwa anapaswa kuyajua mapema ni kuwa huchukua wiki kadhaa, kwa kawaida 2 hadi 6, kabla ya kuonesha faida; kwamba siku za mwanzo tumbo linaweza kuchafuka na wasiwasi hata kupanda kidogo; kwamba vijana walio chini ya miaka 25 wafuatiliwe kwa karibu mwanzoni kwa kuwa fikra za kujidhuru zinaweza kutokea; na kwamba haziachwi ghafla, hata ukijisikia mzima. Diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium, ni habari nyingine. Inatuliza upesi na inazoeleka upesi, kwa hiyo hutolewa kwa siku chache tu na kwa sababu maalumu. Msipeane vidonge vyake vyumbani kama mnavyopeana panadoli.

Na ruqya? Someni, jisomeeni. Qur'ani ni shifaa na sina shaka na hilo. Lakini yule Mtume aliyetufundisha ruqya ndiye aliyeulizwa na mabedui iwapo watafute tiba, akawaambia watafute, kwani Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa, isipokuwa uzee. Msomaji akikusomea akakuombea kheri, mwambie Allah amlipe. Siku atakapokwambia uache vidonge vya hospitali, au atakapokutajia bei ya jini, vaa viatu vyako uondoke.

Pa kwenda papo. Hospitali za rufaa za mikoa, ya Mbale ikiwemo, zina kitengo cha afya ya akili, na kule Kampala ipo Butabika, iliyoanza mwaka 1955. Jina la Butabika linatisha watu, najua, lakini anayekwenda kitengo cha mkoani kwa ajili ya wasiwasi huonwa, huulizwa maswali, hupewa siku ya kurudi, akalale kwake. Mwende wawili. Mwenzangu nilikaa naye kwenye benchi la kusubiri tangu saa tatu mpaka adhuhuri, na sehemu kubwa ya msaada wangu ilikuwa kumshikia nafasi alipokwenda kuswali. Kama kuna aliyekwambia kuwa anafikiria kujiua au kujidhuru, hapo hakuna kusubiri Jumatatu. Usimwache peke yake, na mpelekeni siku hiyo hiyo.

Kwa sasa yeye anaendelea na vikao na anatumia setralini. Analala. Bado humpigia mama yake kila jioni, na mama anasema sasa wanazungumza habari za nyumbani badala ya kuulizana kama wako hai.

Limebaki swali la Ramadhani, ambalo naulizwa kila mwaka ikikaribia Shaaban. Dawa nyingi za kundi hili humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo daktari anaweza kukupangia umeze wakati wa kufuturu au wa daku, na saumu yako ikabaki palepale. Mwone wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama ili mabadiliko yazoeleke. Ikiwa hali yako ni nzito kiasi cha tabibu kukukataza kufunga, basi ruhusa ya mgonjwa iliyomo katika Surat al-Baqara ni yako pia, nawe utalipa siku zako utakapopona. Anayetaka kuzungumza nami anajua ninapokaa msikitini baada ya Isha, upande wa kina dada.

Wabillahi tawfiq.